Peter Medawar: Mtafiti wa Kinga Inayokataa Kiungo na Kupambana na Saratani

Peter Brian Medawar hakuwa daktari wa upasuaji, bali mtaalamu wa elimu ya wanyama. Hata hivyo, historia ya upandikizaji wa viungo haiwezi kusimuliwa bila kumtaja. Alizaliwa tarehe 28 Februari, 1915 katika mji wa Petrópolis nchini Brazil, baba yake akiwa mzaliwa wa Lebanon na mama yake Mwingereza. Alisoma Uingereza na kuhitimu katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyomwonesha njia. Mwaka 1940 ndege ya kivita ilianguka karibu na makazi yake mjini Oxford na mwanaanga aliyekuwamo akaungua vibaya. Madaktari wa wakati huo waliweza kuziba majeraha madogo kwa ngozi ya mgonjwa mwenyewe, lakini aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hakubakiwa na ngozi ya kutosha, na ngozi ya mtu mwingine haikudumu. Swali hilo lilimpeleka Glasgow, ambako yeye na daktari mpasuaji Thomas Gibson walimpandikiza mwanamke aliyeungua vipande vya ngozi ya kaka yake. Vipande vya awali vilikufa. Vya mara ya pili vilikufa upesi zaidi. Mwili ulikuwa na kumbukumbu. Taarifa yao ya mwaka 1943, pamoja na majaribio ya sungura yaliyofuata, ilithibitisha kuwa kinachokataa ngozi ngeni ni kinga ya mwili.

Mwaka 1953, akiwa London pamoja na Rupert Billingham na Leslie Brent, alionesha kuwa panya waliodungwa seli ngeni kabla ya kuzaliwa huipokea ngozi ya ukoo huo wanapokua. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960 pamoja na Frank Macfarlane Burnet wa Australia.

Njia ya panya haikufaa kwa mgonjwa mtu mzima, hivyo hospitali zilitegemea dawa za kupunguza nguvu ya kinga, kama wafanyavyo hadi leo wagonjwa waliopandikizwa figo, wakiwemo wa Muhimbili, ilikoanza huduma hiyo mwaka 2017. Dawa hizo ziliokoa figo, lakini zilikuwa na gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilianza kudhihirika kuwa wanaozitumia hupata baadhi ya saratani, hususan za ngozi na za tezi za limfu, kuliko watu wengine. Si saratani zote: ile ya matiti, kwa mfano, haikuongezeka hivyo.

Ushahidi mzito zaidi ulitokana na ajali. Figo zilizotolewa kwa watu waliokuwa na saratani isiyogunduliwa zilihamisha ugonjwa kwa wapokeaji. Dawa ziliposimamishwa, kinga ya baadhi yao ilirejea na kuiangamiza figo na saratani kwa pamoja. Mgonjwa alipoteza kiungo, akabaki na uhai. Kinga iliyokuwa adui wa mpandikizaji ilikuwa pia mlinzi.

Medawar, aliyeongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Uingereza tangu mwaka 1962, alipatwa na kiharusi mwaka 1969 akisoma Maandiko katika kanisa kuu la Exeter. Upande wake wa kushoto ulidhoofika. Wengi wangestaafu. Yeye aliachia uongozi mwaka 1971, akahamia Kituo cha Utafiti wa Tiba cha Northwick Park na kuelekeza nguvu zake katika uhusiano wa kinga na saratani, akisaidiwa na wenzake katika majaribio ambayo mkono wake haukuyaweza tena.

Viharusi vingine vilifuata, naye akaendelea na utafiti na uandishi wa vitabu, mkewe Jean akiwa msaidizi wake wa karibu. Alifariki dunia jijini London tarehe 2 Oktoba, 1987, akiwa na umri wa miaka 72.