Solomon Eliufoo, mwalimu aliyeongoza Wachagga kumwondoa Mangi Mkuu

Marehemu Solomon Eliufoo, mwalimu wa Machame aliyepata kusoma Marekani, aliwaongoza Wachagga katika suala zito: je, mkuu wao atawale maisha yake yote, au awe mtu wanayeweza kumwondoa kwa kura? Mgogoro ulikuwa mchungu, kwani Mangi Mkuu Thomas Marealle naye alichaguliwa na wananchi hao hao mwaka 1951. Chama cha Kidemokrasia cha Wachagga kilidai katiba ibadilishwe. Kura ikapigwa mwaka 1960, Marealle akaondoka. Eliufoo akawa Rais wa Wachagga, cheo ambacho nacho hakikudumu. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Elimu, na serikali hiyo hiyo ikafuta uchifu mwaka 1963. Alifariki dunia mwaka 1971.