Miller: Tabibu aliyefichua siri ya mzizi wa jino

KWA karne nyingi, aliyeshikwa na maumivu ya jino lililooza hakuwa na tiba ya kutegemea isipokuwa kung'olewa. Koleo lilishikishwa jino, damu ikamwagika na pengo likasalia. Wahenga walinena kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, na aliyewahi kupoteza jino la kutafunia anaijua barabara maana ya usemi huo.

Siku hizi jino ambalo kiini chake kimekufa huweza kudumu kinywani kwa miaka mingi, almradi mzizi wake usafishwe, uoshwe kwa dawa ya kuua viini, kisha uzibwe vyema. Miongoni mwa watu waliofungua njia hiyo ni Willoughby Dayton Miller, Mmarekani aliyefanya kazi yake kubwa jijini Berlin, Ujerumani, na kuaga dunia mnamo 1907.

Kinaya kikuu cha maisha yake ni kwamba utafiti wake, ambao nia yake ilikuwa kuyaokoa meno, ulikuja kutajwa kuwa sababu ya kuyang'oa kwa wingi wakati ambapo mwenyewe hakuwepo tena kujitetea.

Miller alizaliwa Agosti 1, 1853 karibu na mji mdogo wa Alexandria, katika jimbo la Ohio. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Michigan mnamo 1875. Wakati huo utabibu wa meno haukuwa katika ndoto zake, kwani moyo wake ulikuwa umezama katika sayansi asilia. Kiu hiyo ndiyo iliyomvusha bahari ya Atlantiki hadi Edinburgh, Scotland, na hatimaye Berlin.

Huko Berlin alikutana na mtu aliyeyabadilisha maisha yake. Huyu alikuwa Frank Abbot, daktari wa meno kutoka Marekani aliyekuwa akiwatibu wakazi wa jiji hilo. Enzi hizo madaktari wa meno wa Kimarekani walisifika sana barani Ulaya kwa ustadi wa mikono yao. Abbot alimvuta kijana huyo katika fani yake, na si hayo tu, kwani Miller alimwoa Caroline, bintiye daktari huyo.

Alirejea Marekani kusomea utabibu wa meno, akapata shahada katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mnamo 1879. Kisha akafunga safari tena kuelekea Berlin, ambako angeishi kwa takriban miaka yote iliyobaki ya uhai wake.

Alifika wakati mwafaka. Mnamo Machi 1882, Robert Koch alitangaza jijini humo kwamba amekigundua kijidudu kinachosababisha kifua kikuu. Wanasayansi kutoka pembe mbalimbali za dunia walimiminika Berlin ili wajifunze mbinu za Koch za kuotesha bakteria, kuwatia rangi na kuwatazama kwa hadubini. Miller naye alikuwa miongoni mwa wanafunzi hao. Tofauti yake na wenzake ni kwamba wao walitafuta viini katika mapafu, damu na maji ya kunywa, ilhali yeye alivitafuta kinywani.

Mnamo 1884 taasisi ya meno ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Berlin, na Miller akateuliwa kufundisha tiba ya kuhifadhi meno. Haikuwa jambo dogo kwa mgeni kukabidhiwa wadhifa kama huo katika chuo kilichojivunia wasomi wake wenyewe. Hakutosheka na hayo, akasomea udaktari wa mwili mzima na kuhitimu mnamo 1887.

Swali lililomsumbua kwanza lilikuwa hili: jino huozaje? Katika nchi nyingi watu waliamini kwamba kuna mdudu anayeishi ndani ya jino na kulitafuna. Ingawa Mfaransa Pierre Fauchard alikuwa ameipinga dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1728, hakuna aliyekuwa ameonyesha kwa majaribio yenye kuridhisha chanzo chenyewe ni kipi.

Miller alichukua meno yaliyokwisha kung'olewa, akayatia katika mchanganyiko wa mate na mkate, na kuyaweka katika joto linalolingana na la mwili wa binadamu. Baada ya muda, meno hayo yalianza kupoteza ugumu wake. Alipotumia nyama badala ya mkate, hayakudhurika vivyo hivyo. Akahitimisha kwamba bakteria wa kinywani huchachusha wanga na sukari, uchachu huo huzaa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya jino na kufungua njia ya kuoza.

Alikusanya matokeo hayo katika kitabu kuhusu vijidudu vya kinywa cha binadamu, kilichotoka kwa Kijerumani mnamo 1889 na kwa Kiingereza mnamo 1890. Kadhalika, humo alizipima dawa mbalimbali za kuua viini, akichunguza ni kali kiasi gani na zinahitaji muda gani kuwaangamiza bakteria wa kinywani. Kitabu hicho kilimpa sifa katika mabara mawili.

Hata hivyo, kuoza kwa tabaka la nje lilikuwa nusu tu ya mkasa. Ndani ya kila jino mna kiini, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo huteremka kupitia mfereji mwembamba hadi kwenye ncha ya mzizi. Uozo unapokifikia kiini hicho, mgonjwa hukesha kwa maumivu. Baada ya siku kadhaa maumivu yanaweza kutoweka ghafla, naye akadhani amepona. Kumbe kiini kimekufa. Wiki au miezi kadhaa baadaye ufizi huvimba na usaha hutunga kwenye ncha ya mzizi.

Mnamo 1894 Miller alichapisha utafiti wake kuhusu bakteria waliomo katika kiini cha jino lenye maradhi. Alikuwa amekwangua mabaki kutoka katika mifereji ya mizizi na kuyatazama kwa hadubini. Aliyoyaona yalikuwa halaiki ya viumbe: wengine wa mviringo, wengine mfano wa vijiti, na wengine waliojipinda kama nyuzi za skrubu. Aidha, aligundua kwamba waliokaa sehemu ya juu ya mfereji, ya kati na ya chini hawakuwa wa aina moja.

Jambo jingine lilimshangaza. Wengi wa viumbe aliowaona kwa hadubini hawakukubali kuota katika maabara, hata alipowalisha kwa namna alizozijua. Mtafiti mwenye pupa angewapuuza na kuwaandikia waliokubali kuota pekee. Miller aliwaandika wote, akabainisha kwamba kinachoota katika chupa si lazima kiwe picha kamili ya kilichomo ndani ya jino.

Utafiti huo ulikuwa na uzito mkubwa kwa tiba. Kiini kikishakufa, damu haipiti tena katika mfereji wa mzizi. Bila damu, askari wa kinga wa mwili hawafiki humo, wala dawa anayomeza mgonjwa haifiki kwa kiasi cha kutosha. Bakteria hukaa humo kama wezi waliojificha pangoni, wakitoa sumu inayopenya kupitia ncha ya mzizi hadi kwenye mfupa wa taya. Njia iliyobaki ni mbili: ama jino ling'olewe, ama tabibu aingie mwenyewe pangoni, alisafishe, aliue kila kiini anachoweza kukifikia, na aufunge mlango.

Miller aliitetea njia hiyo ya pili. Vifaa vya kuifuata vilikuwa vimeanza kupatikana. Mnamo 1864 Sanford Barnum wa New York alikuwa amebuni kipande cha mpira cha kulitenga jino ili mate yasiingie humo wakati wa matibabu. Utomvu mgumu wa mti uitwao gutapacha ulikuwa umeanza kutumiwa kuziba mifereji iliyosafishwa. Kilichokuwa kimekosekana ni ithibati ya adui anayepigwa vita, na ithibati hiyo ndiyo aliyoileta Miller.

Lakini kulikuwa na andiko lake jingine, la mwaka wa 1891, ambalo lilichukua mkondo ambao hakuutarajia. Katika andiko hilo alieleza kwamba kinywa kinaweza kuwa kitovu cha maambukizi, ambapo viini husafiri hadi viungo vingine vya mwili. Hakupendekeza meno yang'olewe kwa sababu hiyo. Kinyume chake, aliona kusafisha na kuziba mizizi kuwa mojawapo ya njia za kukikausha kitovu hicho.

Miaka ilipita na heshima yake ikazidi kupaa. Aliliongoza Shirikisho la Kimataifa la Meno, lililoundwa jijini Paris mnamo 1900. Kisha Chuo Kikuu cha Michigan, alikosomea ujanani, kikamwita arudi nyumbani awe mkuu wa kitivo chake cha meno. Miller alikubali. Mnamo 1907 aliiaga Berlin, akarejea Ohio kuwaona jamaa zake kabla ya kushika wadhifa huo mpya.

Hakuushika. Alipatwa na ugonjwa wa kidole tumbo akapasuliwa, lakini hakupona. Alifariki Julai 27, 1907 mjini Newark, Ohio, siku chache tu kabla ya kutimiza umri wa miaka 54. Mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza maambukizi ya kinywani aliuawa na maradhi ya kiungo kidogo tumboni, enzi ambazo viuavijasumu kama penisilini havikuwa vimegunduliwa.

Miaka mitatu baadaye, mnamo 1910, daktari Mwingereza William Hunter alihutubu katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada. Aliwashutumu madaktari wa meno kwa kufunika uozo chini ya vifuniko vya dhahabu na kuwasababishia wagonjwa maradhi mengine mengi. Hotuba hiyo iliwasha moto. Madaktari wengi nchini Marekani na Uingereza walianza kulilaumu kila jino lenye kiini kilichokufa kwa maradhi ya viungo, moyo, tumbo na hata akili.

Watu waling'olewa meno yao yote kwa matumaini ya kupona baridi yabisi au magonjwa mengine. Wengi hawakupona, wakabaki na vibogoyo pamoja na maradhi yale yale waliyokuja nayo. Wimbi hilo lilivuma hadi miaka ya 1930. Dhana ya kinywa kuwa kitovu cha maambukizi ilikuwa imetoka kwa Miller, lakini sehemu ya pili ya hoja yake, ile ya kuusafisha mzizi, iliwekwa kando.

Waliobaki na imani katika tiba ya mzizi hawakukata tamaa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Henry Dakin na Alexis Carrel walitumia maji ya klorini yaliyozimuliwa kuosha majeraha ya wanajeshi nchini Ufaransa. Dawa hiyo ni ya jamii moja na ile inayotumiwa nyumbani kung'arisha nguo nyeupe. Madaktari wa meno waliichukua, na kufikia miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa imependekezwa kwa kuosha mifereji ya mizizi. Ilikuwa na sifa mbili zilizohitajika: kuua bakteria na kuyeyusha mabaki ya nyama iliyokufa mahali ambapo kifaa cha chuma hakifiki. Hadi leo ndiyo dawa inayotegemewa zaidi katika kazi hiyo, ingawa hutaka uangalifu mkubwa kwa kuwa huunguza ikivuka ncha ya mzizi.

Ushahidi wa kisayansi nao ulikuja kumtetea marehemu. Mnamo 1965 watafiti wa Kimarekani walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini. Panya wa kawaida walioza viini na kupata majipu. Panya waliolelewa pasipo bakteria wowote walipona, licha ya chakula kusakamana katika matundu hayo. Hivyo ikadhihirika kwamba mkosaji ni bakteria, si tundu lenyewe.

Mnamo 1976 Göran Sundqvist wa Umeå, Uswidi, aliyachunguza meno 32 yaliyokufa viini kutokana na ajali ilhali hayakuwa na tundu. Kati ya meno 19 yaliyokuwa na mfupa ulioharibika kwenye ncha ya mzizi, 18 yalikutwa na bakteria. Wengi wao walikuwa wa aina isiyostahimili hewa ya oksijeni, ndiposa hukwama kuota katika maabara za kawaida. Hapo fumbo la mwaka wa 1894 likapata jibu, zaidi ya miaka 80 tangu Miller ayaandike aliyoyaona.

Shirikisho la Kimataifa la Meno lilianzisha tuzo kwa jina lake. Lakini kwa mgonjwa anayeketi kwenye kiti cha daktari, huku kipande cha mpira kikilitenga jino lake na sindano butu ikiteremsha dawa taratibu katika mzizi, jina hilo huenda ni geni kabisa. Akiondoka na jino lake mwenyewe kinywani badala ya pengo, atakuwa amenufaika na kazi iliyoanzia katika hadubini moja jijini Berlin.