Victor Silvester: Mwalimu wa Dansi Aliyeshika Mwendo Mmoja



Kila mwaka kijitabu hiki, baada ya taarifa za miradi na kabla ya orodha ya wachangiaji, hutenga kurasa chache kwa maisha ya mtu mashuhuri aliyekwishatangulia mbele ya haki. Mwaka huu hafla yetu ni ya chakula cha jioni na dansi, na fedha zitakazopatikana ni za kuezeka jengo la wazazi la zahanati yetu. Kwa sababu hiyo sisi wa kamati ya fedha, watu wa hesabu, tumeomba nafasi tuwaletee habari za mcheza dansi. Naye ni Victor Silvester wa Uingereza, bingwa wa dunia wa dansi ya ukumbini mwaka 1922, mwalimu, mwandishi na kiongozi wa okestra.

Huenda mtu akauliza Mwingereza huyu ana undugu gani na sisi. Undugu ni dansi yenyewe. Tangu enzi za ukoloni vijana wa miji ya pwani yetu walianzisha vilabu vya dansi. Wanaume walivaa suti na tai, wanawake wakavaa magauni, wakacheza wawili wawili ndani ya ukumbi, tofauti na ngoma ya uwanjani. Walicheza walzi, foksitroti na tango. Baadaye rumba ya Cuba ikaja kwa santuri, na mji wetu wa mkonge, bandari na reli ukatoa bendi kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Wazee wetu wengi walikutana na wenzi wao katika kumbi hizo. Hatua walizokuwa wakipiga zilikuwa zimepangwa na kuandikwa London, na mmoja wa walioziandika ndiye mtu huyu.

MTOTO WA KASISI

Victor Marlborough Silvester alizaliwa tarehe 25 Februari 1900 huko Wembley, nje kidogo ya London. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Nyumbani alijifunza piano na dansi akiwa mdogo. Shule hakuipenda, na zaidi ya mara moja alitoroka.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, kijana huyu alidanganya umri wake akaingia jeshini. Ilipojulikana kwamba bado ni mtoto, aliondolewa kwenye mapigano akapelekwa Italia kuhudumu na kikosi cha magari ya wagonjwa. Huko alijeruhiwa, na Italia ikamtunuku medali ya ushujaa. Mambo aliyoyaona vitani hakuyazungumza hadharani kwa muda mrefu sana. Vita vilipokwisha alikuwa hajatimiza miaka 20.

Aliporudi alisoma Chuo Kikuu cha Oxford kwa mwaka mmoja, kisha akaacha. Wazazi wa siku zile, kama wazazi wa leo, walikuwa na orodha fupi ya kazi zenye heshima kwa mtoto wa familia yao: kanisa, jeshi, sheria, ofisi ya serikali. Victor hakuchagua hata moja.

KAZI ILIYODHARAULIWA

Baada ya vita watu wa London walikuwa na kiu ya kucheza. Hoteli na maduka makubwa yaliandaa dansi za saa ya chai, mchana, na wengi waliohudhuria walikuwa wanawake. Vita vilikuwa vimemaliza vijana wengi wa kiume, hivyo wanaume wa kucheza nao hawakutosha. Mwalimu wa dansi aliyeitwa Belle Harding aliwaajiri vijana wenye adabu na mwendo mzuri wawe wenzi wa wageni hao. Silvester alikuwa mmoja wao, akianzia katika duka la Harrods.

Tuitazame kazi hiyo kwa jicho la jirani. Mtoto wa kasisi, aliyefika Oxford, analipwa ili acheze dansi na wanawake asiowajua. Wapo walioiona kuwa kazi isiyo na heshima, kama ambavyo kwetu mzazi aliyesomesha kwa jasho angeumia kusikia mwanawe ameacha chuo ili apige gitaa. Silvester aliifanya kazi hiyo kwa bidii. Kila mchana alicheza na watu wa kila aina: warefu, wafupi, wepesi, wazito, wanaojua na wasiojua. Ukumbini pale ndipo alipojifunza jambo lililomsaidia maisha yake yote: mtu wa kawaida huchanganyikiwa wapi, na afundishwe vipi ili asichanganyikiwe.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 22, aliingia katika mashindano ya dunia ya dansi ya ukumbini jijini London pamoja na mwenzi wake Phyllis Clarke. Wakashinda. Mwaka huohuo alimuoa Dorothy Newton, na wawili hao wakafungua shule ya dansi mjini London. Walipata mtoto mmoja wa kiume, ambaye tutamtaja tena mbele.

KUANDIKA SHERIA ZA MCHEZO

Bingwa angeweza kuishi kwa jina lake tu. Yeye alikwenda kwenye kazi ya mezani. Miaka ile dansi ilikuwa vurugu. Muziki mpya ulikuwa ukija kutoka Marekani, kila mwalimu alikuwa na hatua zake, na kila bendi ilikuwa na kasi yake. Aliyejifunza foksitroti mtaa huu alifika mtaa wa pili akajikuta mgeni.

Mwaka 1924 chama cha walimu wa dansi kiitwacho Imperial Society of Teachers of Dancing kiliunda kamati ya dansi ya ukumbini, na Silvester alikuwa mmoja wa wajumbe wake wa kwanza pamoja na mwalimu mashuhuri Josephine Bradley. Kazi ya kamati ilikuwa kukubaliana: hatua ipi ni ya msingi, mguu upi utangulie, mwili ukae vipi, mtu apimwe kwa nini anapofanya mtihani wa ualimu. Dansi za ukumbini zinazoshindaniwa leo duniani kote, kuanzia Ulaya hadi Asia, zina mizizi katika makubaliano ya walimu wale wa Uingereza. Miaka ya baadaye Silvester alikuja kuwa rais wa chama hicho.

Mwaka 1927 alitoa kitabu chake Modern Ballroom Dancing. Kwa maelezo mafupi na michoro ya nyayo, kilimfundisha mtu asiye na uwezo wa kulipia darasa namna ya kuanza. Kiliuzwa sana na kuchapishwa tena na tena kwa miongo mingi. Elimu iliyokuwa ikipatikana kwa wenye fedha sasa iliweza kusomwa na karani au mshona nguo chumbani mwake.

OKESTRA ISIYOKIMBIA WALA KUCHELEWA

Tatizo moja lilibaki, nalo lilikuwa muziki. Walimu walikuwa wamekubaliana kuhusu kasi, lakini santuri zilizokuwa madukani hazikufuata makubaliano hayo. Bendi ilianza polepole ikamaliza kwa mbio, au mwimbaji aliuvuta wimbo apendavyo. Mwanafunzi aliyekuwa akihesabu moja, mbili, tatu alijikuta amebaki nyuma.

Mwaka 1935 Silvester aliamua kuunda okestra yake mwenyewe. Kanuni yake ilikuwa moja: kila dansi ipigwe kwa kasi yake sahihi, na kasi hiyo isibadilike tangu pigo la kwanza hadi la mwisho. Kwa vipimo vinavyotumika leo, walzi huenda mapigo 90 hivi kwa dakika, na kwikstepi, dansi ya mbio, hufika 200. Ndani ya okestra yake hapakuwa na tarumbeta za kelele. Wimbo ulibebwa na fidla, piano na saksafoni, ili mchezaji asikie pigo bila kubabaika. Santuri yake ya kwanza, You're Dancing on My Heart, ikawa wimbo uliomtambulisha maisha yake yote.

Wapo waliomcheka. Wapenzi wa jazi waliuona muziki wake kuwa umepoa na hauna ubunifu, kwa kuwa hakuna mpigaji aliyeruhusiwa kutoka nje ya mstari. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiti akisikiliza, lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini Silvester hakuwa akimpigia aliyekaa. Alimpigia aliyesimama na mwenzi wake, anayeogopa kumkanyaga. Santuri hizo, za kwake na za okestra hiyo baada yake, zinahesabiwa kufikia nakala milioni 75.

Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inaendelea, mwaka 1941, redio ya BBC ilianza kipindi chake cha mafunzo ya dansi. Alizitaja hatua taratibu, kwa kasi ya imla, ili msikilizaji mwenye penseli aandike, kisha okestra ikapiga, naye msikilizaji akajaribu palepale sebuleni. Mabomu yalikuwa yameanguka London na miji mingine, na watu walikuwa wakijifunza walzi. Hesabu ya foksitroti, mbili za polepole, mbili za haraka, na moja tena ya polepole, ilijulikana kwa watu wengi ambao hawajawahi kuingia darasani.

Wanajeshi wa Marekani walipofika Uingereza na mtindo wao wa jitabagi, walimu wengi waliununia, na baadhi ya kumbi ziliupiga marufuku. Silvester, mtu wa kanuni, hakuukimbia. Aliunda bendi ya jaivu, akarekodi, na mwaka 1944 akatoa kitabu cha kuufundisha. Rumba, samba na chacha zilipoenea, nazo akazirekodi kwa kasi yake ileile isiyoyumba. Alibadilisha hatua kila wakati ulipotaka. Pigo hakulibadilisha.

Mwaka 1948 kipindi chake kilihamia pia kwenye televisheni, kikadumu miaka 17. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa pia na kipindi cha salamu na maombi ya nyimbo katika redio ya BBC ya ng'ambo. Shule za dansi zenye jina lake zilizidi 20 nchini Uingereza. Mwaka 1961 Malkia alimtunuku nishani ya OBE, yeye aliyeanza kama kijana wa kukodiwa saa ya chai.

ALIPOONDOKA, MUZIKI HAUKUSIMAMA

Miaka ya 1960 vijana waliacha kushikana, wakacheza twisti kila mtu peke yake. Kumbi nyingi zilifungwa. Silvester hakugombana na vijana, wala hakufunga okestra. Mwaka 1971 alimkabidhi mwanawe, Victor Newton Silvester, uongozi wa okestra. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimeandikwa na kila kasi ilikuwa imepimwa, kazi iliendelea.

Tarehe 14 Agosti 1978, akiwa mapumzikoni Le Lavandou, kusini mwa Ufaransa, Victor Silvester alifariki akiogelea baharini. Alikuwa na miaka 78.

TUNACHOKICHUKUA KWAKE

Sisi wa kamati ya fedha tunaona katika maisha haya jambo moja linalotuhusu moja kwa moja. Ubingwa wa mwaka 1922 ulikuwa wa usiku mmoja. Kilichomfanya akumbukwe ni miaka zaidi ya 50 aliyofuatisha baada ya usiku ule, siku kwa siku, kwa kipimo kilekile.

Kuta za jengo letu la wazazi zimefika kwenye lenta. Zilifika hapo kwa nguvu ya hafla nzuri, ambapo ahadi zilitolewa kwa vigelegele na makofi. Makofi yakishatulia, fundi hulipwa kwa fedha iliyoingia benki. Kila anayesafiri kwenda nyumbani anayaona matofali yale yakinyeshewa, na mama mjamzito wa kijijini bado anapanda bodaboda usiku kwenda hospitali ya mbali. Mabati, mbao na misumari havinunuliwi kwa ahadi.

Kwa hiyo fomu iliyo ukurasa wa mwisho ina sehemu mbili mwaka huu. Ya kwanza ni ya mchango wa usiku wa hafla, kama kawaida. Ya pili ni ya mchango wa kila mwezi, kiasi chochote ambacho mwanachama anaweza kukitoa bila kuumia, kwa miezi 12. Tunaomba sana mjaze ya pili. Kiasi kidogo kinachoingia kila mwezi bila kukosa kinatuwezesha kupanga manunuzi na kumpa fundi tarehe. Nasi tutaweka hesabu ya kila robo mwaka mbele yenu, imeandikwa kwa namna ambayo kamati yoyote itakayotufuata itaweza kuisoma na kuendelea nayo.

Usiku wa hafla bendi itapiga walzi kwa heshima ya wazee wetu, kisha rumba, kisha chochote ambacho vijana watataka. Njooni na wenzi wenu. Asiyejua hatua asione haya kusimama: ahesabu moja, mbili, tatu, na aanze.

Karibuni sana.