Sewa Haji Paroo: tajiri aliyeihesabu mali, kisha akaitoa

Ndugu Waislamu, wengi wa vijana wetu wa Tarime, Sirari na Mugumu wanaosoma masomo ya biashara hudhani kwamba mtaji, gharama na faida ni maneno ya mtihani tu. Na wazee wenye maduka nao huona daftari ni kazi ya wasomi. Leo tutazame maisha ya mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa pwani yetu, tupate mazingatio.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi waliokaa Zanzibar. Angali kijana alikwenda Bagamoyo kusimamia duka la familia. Zama zile Bagamoyo ilikuwa mlango wa misafara iendayo Tabora na Ujiji. Yeye aliipatia misafara hiyo vitambaa, shanga, nyaya za shaba na wapagazi, na alinunua pembe za ndovu zilizoletwa kutoka bara.

Biashara ya misafara ilikuwa ya mikopo. Bidhaa ilitoka dukani leo, na malipo yakarejea baada ya miezi mingi, pengine yasirejee kabisa kwa maradhi au vita vya njiani. Biashara ya namna hiyo haisimami bila daftari: nani amechukua nini, kwa bei gani, na atalipa lini. Ndiyo maana aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni.

Tuchukulie mwenye duka Sirari amenunua bidhaa kwa shilingi 1,000,000, akaziuza zote kwa 1,300,000. Ziada ya 300,000 ni faida ghafi. Akitoa kodi, usafiri na ujira, jumla 180,000, faida halisi ni 120,000. Iwapo nyumbani wametumia 200,000 kutoka katika droo, basi 80,000 zimeliwa katika mtaji, naye hajui. Maduka mengi hufa hivyo, na mwenyewe husingizia husuda ya jirani.

Sewa Haji alipofanikiwa hakuifungia mali yake. Katika miaka ya 1890 alitoa jengo la shule Bagamoyo kwa watoto wa rangi zote. Alitoa pia fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Waasia, iliyopewa jina lake. Alifariki Februari 1897 akiwa na miaka 46 hivi, na akausia mali zake za Bagamoyo zisaidie wagonjwa. Jengo moja la Hospitali ya Muhimbili hadi leo linaitwa Sewa Haji.

Hapa pana somo. Asiyehesabu mali yake hawezi hata kuitolea zaka ipasavyo, kwani mfanyabiashara hutakiwa kila mwaka wa Kiislamu kujumlisha fedha taslimu, thamani ya bidhaa na madeni anayotaraji kulipwa, apunguze anayodaiwa, na kilichobaki kikifikia nisabu atoe asilimia 2.5.

Basi wazazi, mnunulieni kijana daftari, mkabidhini hesabu za duka, na jioni mkae naye mzipitie. Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali na mkono wa kutoa. Amin.