Hubert Ogunde: Askari Aliyevua Sare Akapanda Jukwaani

Kamati ya jarida imenitaka niandike habari za mtu wa sanaa aliyeitumikia jamii yake. Nimemchagua marehemu Hubert Ogunde wa Nigeria. Wole Soyinka tunamjua. Huyu aliyemtangulia hatukufundishwa, nadhani kwa sababu michezo yake mingi ilikuwa ya Kiyoruba na watazamaji wake walikuwa makabwela.

Alizaliwa mwaka 1916 huko Ososa, karibu na Ijebu-Ode. Alifundisha shule, kisha mwaka 1941 akaingia polisi. Mwaka 1944, angali askari, alilitungia kanisa mchezo wa nyimbo juu ya bustani ya Edeni. Ulichezwa Lagos, watu wakaupenda mno. Muda si mrefu akavua sare na kuunda kikundi cha wasanii wa kulipwa. Siku zile huo ulikuwa wazimu: mtu aache mshahara wa Serikali, atafute riziki kwa ngoma!

Mwaka 1945 wafanyakazi wa Nigeria waligoma kwa zaidi ya mwezi mmoja, kwani bei zilikuwa zimepanda wakati wa vita na ujira haukupanda. Ogunde akatoa Strike and Hunger, mchezo wa mfalme dhalimu anayewatesa raia kwa njaa. Wakoloni hawakuhitaji kufafanuliwa. Huko Jos waliupiga marufuku. Mwaka 1949 polisi waliwaua wachimba makaa 21 huko Enugu, naye akajibu kwa mchezo wa Bread and Bullet. Angalieni kwamba waliofyatua risasi walikuwa wa kazi ile ile aliyoiacha yeye.

Taabu yake nyingine ilikuwa waigizaji wa kike. Wazazi waliona jukwaa ni uhuni, hawakutaka binti zao wapande. Basi yeye akawaoa waigizaji wake, mmoja baada ya mwingine. Siwashauri vijana wetu wafuate njia hiyo, lakini kampuni haikuvunjika.

Hata hivyo, mimi humheshimu zaidi kwa mambo ya mwaka 1964. Mkoloni alikuwa amekwisha ondoka tangu 1960, na kumsema mkoloni aliyeondoka ni rahisi. Katika Jimbo la Magharibi viongozi walikuwa wamegombana: Obafemi Awolowo alikuwa gerezani tangu 1963, na aliyekuwa naibu wake, Samuel Akintola, ndiye Waziri Mkuu wa Jimbo. Ogunde akatoa Yoruba Ronu, yaani Wayoruba, fikirini. Kisa cha mfalme anayesalitiwa na naibu wake. Serikali ya Jimbo ikakifungia kikundi kizima kisicheze popote jimboni.

Kikundi hicho kiliishi kwa viingilio vya mlangoni, na watazamaji wake wengi walikuwa katika jimbo hilo hilo. Kwa hiyo amri ile iligusa chakula cha watoto wake. Jibu lake lilikuwa mchezo mwingine, Otito Koro, maana yake ukweli ni mchungu. Lagos haikuwa chini ya jimbo hilo, na huko amri haikufika.

Marufuku ilidumu hadi Februari 1966, baada ya jeshi kuipindua Serikali mwezi Januari na Akintola kuuawa. Ogunde alirudi kuzunguka na kikundi chake, baadaye akaingia katika filamu, na alifariki London tarehe 4 Aprili 1990, akiwa na miaka 73.