Bibi Salme, Binti wa Sultani wa Unguja

Mabinti wengi wa wafalme wameozwa katika nchi za mbali, wakawa malkia huko. Bibi Salme naye aliolewa mbali na kwao, lakini hakukuta kiti cha enzi. Alikuta baridi, upweke na kazi.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria, aliyetekwa utotoni katika nchi ya mbali kaskazini. Siku zile mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme hakuridhika. Alitwaa mfupa wa bega la ngamia, ukawa ndio ubao wake, akanakili herufi za Kurani kwa siri, moja moja, hata mkono ukazoea.

Kwanza elimu ile ilimletea taabu. Mwaka 1859 nduguye Barghash alifanya shauri la kumwondoa ndugu yao Majid katika usultani. Salme, aliyekuwa na miaka 15 tu, ndiye aliyewaandikia barua za siri. Shauri likavunjika, Barghash akahamishwa mpaka Bombay. Majid alimsamehe Salme. Lakini alipopatana naye, wenziwe wa zamani wakamchukia.

Katika upweke ule alijuana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyi biashara Mjerumani. Wakapendana, akachukua mimba. Kwa desturi ya jamaa zake jambo hilo lilikuwa hatari kwa maisha yake. Basi mwezi wa Agosti 1866 alitoroka usiku katika manowari ya Waingereza mpaka Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa na Ruete, wakaenda Hamburg.

Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu, akafa. Salme akaachwa na watoto watatu wadogo katika nchi ya kigeni. Ndipo kalamu ilipomfaa: alifundisha Kiarabu apate chakula cha watoto.

Mwaka 1885 alirudi Unguja katika merikebu za Wajerumani kudai urithi wake. Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alikataa kumwona. Wakubwa wa Ujerumani nao walimtumia kwa faida yao wenyewe, kisha wakamwacha. Akarudi Ulaya mikono mitupu. Na mwaka 1886 kitabu alichoandika juu ya maisha yake kikapigwa chapa.

Alikufa mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliokuwa ameutunza siku zote.

Urithi alioudai hakuupata. Lakini herufi alizojifunza juu ya mfupa, hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Jumba la Mtoni leo ni magofu; habari zake zingali zinasomwa, kwa kuwa mtoto mmoja alijifunza kuandika.