Karl Landsteiner, Bingwa wa Kingamwili

Hapa Bokoli tunamjua Karl Landsteiner kwa makundi ya damu tu, yale A, B na O aliyoyatangaza mwaka 1901 (O yeye aliliita C). Mimi nampendea jambo jingine.

Alizaliwa karibu na Vienna, Austria, mwaka 1868, akasomea udaktari, kisha akajitosa katika kemia. Alitaka kujua kingamwili humtambuaje adui wake. Basi akabandika kipande kidogo cha kemikali kwenye protini, akamdunga sungura. Sungura akatengeneza kingamwili. Maji ya damu yake yakichanganywa na protini yenye kipande hicho, mashapo hutuama chini. Lakini Landsteiner alipotangulia kutia kile kipande peke yake, mashapo hayakutokea. Kumbe mikono ya kingamwili ilikuwa imeshajaa!

Ujanja huo ungali unatumika maabarani. Siku hizi hutengenezwa peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, ikachanganywa na kingamwili kabla ya kutafuta protini katika seli. Alama ya rangi ikibaki vilevile, huenda kingamwili hiyo inashika ovyo, na mtafiti aliyeiamini ameula wa chuya. Ikipotea, asishangilie mapema: protini nyingine yenye kipande kama hicho ingezibwa pia. Sharti apime na seli zisizo na protini hiyo.

Landsteiner alihamia New York, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1930, kwa makundi ya damu, si kwa mashapo. Alistaafu mwaka 1939, lakini wapi! Juni 1943 moyo ulimshika akiwa maabarani, akafariki siku mbili baadaye.